Ramdev Pir wa Rajasthan: je, ni walii wetu? Na ipi hukumu ya kwenda kaburini kwake?

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullah, Sheikh. Mimi ni kijana wa Tanga, nasoma Ahmedabad, India. Nimepanga chumba kwa familia ya Kihindu, watu walionifanyia wema mwingi. Kila mwaka, kati ya Agosti na Septemba, baadhi yao hutembea kwa miguu kwenda Ramdevra, huko Rajasthan, kwenye kaburi la mtu wanayemwita Ramdev Pir au Ramapir. Mwaka huu mama mwenye nyumba aliniomba nimsindikize hadi kambi ya kwanza nje ya mji kwa kuwa mguu wake ulikuwa umevimba. Nikambebea begi lake, pamoja na farasi wa kitambaa aliyekuwa akimpeleka huko kama nadhiri. Pale kambini nikabaki mpaka jioni nikigawa maji na chai kwa wasafiri. Wakanipa vipande vya nazi na sukari ya vijiwe, nikala.

Tuna jirani Mwislamu, mwenyeji wa hapa. Ananiambia nisijisumbue, Ramdev ni pir wetu, yaani sheikh na walii, na mapir watano kutoka Makka walimtambua. Yeye mwenyewe huenda kila mwaka, huweka shuka juu ya kaburi na kuomba. Mwakani anataka tupande treni pamoja. Naomba unieleze: mtu huyu alikuwa nani, na je, alikuwa Mwislamu? Nikienda nina makosa? Na haya niliyokwisha kuyafanya yana hukumu gani, je, nahitaji kurudia shahada?

JIBU

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na maswahaba zake.

Wanavyuoni husema hukumu ya kitu ni tawi la kukifahamu. Kwa hiyo vumilia nianze na mtu mwenyewe. Wako wanaojibu maswali ya aina hii kwa neno moja, shirki, kisha wakafunga kitabu. Muulizaji anarudi kwa jirani yake hana la kumjibu, kwa sababu jirani ana hadithi ndefu na yeye ana neno moja.

Ramdev anahesabiwa kuwa wa ukoo wa Tanwar katika Warajputi, tabaka la wapiganaji na watawala, na jamaa zake walikuwa watawala wadogo wa Pokhran, pembezoni mwa jangwa la Thar. (Ni Pokhran hiyohiyo ambayo India ililipua mabomu yake ya nyuklia ya majaribio mwaka 1974 na 1998.) Wapo wanaosema alizaliwa mwaka 1352 akaondoka duniani mwaka 1385 akiwa na miaka 33. Wengine wanamsogeza mbele hadi karne ya 15. Habari zake hazikuandikwa na watu wa zama zake. Zilibebwa midomoni mwa waimbaji kizazi baada ya kizazi, wakiimba usiku kucha na zeze na matuazi, na ndiyo maana kila kijiji kina namna yake ya kuzisimulia.

Katika masimulizi hayo baba yake, Ajmal, hakuwa na mtoto wa kiume. Akaenda Dwarka, kwenye hekalu la Krishna lililo pwani ya Gujarat, akaomba hadi akakata tamaa, akalirushia sanamu andazi tamu alilokuja nalo, kisha akajitosa baharini. Huko chini, wanasema, Krishna akamtokea na kumwahidi kuja nyumbani kwake kama mwana. Mwana huyo ndiye Ramdev. Shika nukta hii, mwanangu, maana jirani yako hajakutajia: kwa Wahindu walio wengi mtu huyu si mcha Mungu tu aliyezikwa pale. Ni mungu aliyevaa mwili wa binadamu.

Farasi uliyembeba naye ana kisa chake. Ramdev akiwa mtoto alitaka farasi. Fundi cherehani akapewa nguo nzuri amshonee wa kuchezea, akaiba nguo ile, akajaza matambara ndani na kufunika kitambaa kizuri juu. Mtoto akampanda, farasi akaruka naye angani, na yule fundi akatiwa ndani mpaka alipokiri wizi wake. Tangu hapo waumini wake hupeleka farasi wa kitambaa, wengine wadogo wa kutosha kiganjani, wengine wakubwa hata hubebwa begani na watu wawili. Kuna mfanyabiashara wa msafara aliyeulizwa amebeba nini, akasema chumvi ili akwepe ushuru, na sukari yake yote ikageuka chumvi. Kuna tajiri aliyemwita Ramdev chombo kikizama, mkono wake ukafika baharini ukakiokoa. Mtu wa Tanga akisikia kisa hicho cha mwisho anaweza kukiona si kigeni. Manahodha wetu nao wamewahi kuita majina yasiyopaswa kuitwa bahari inapochafuka, na nitarudi kwenye jambo hilo.

Lakini visa vya miujiza havitoshi kueleza kwa nini mamia ya maelfu ya watu wanatembea siku nyingi juani kumwendea mtu huyu. Nadhani sababu iko kwa Dali Bai. Dali alikuwa binti wa tabaka la Meghwal, watu ambao Wahindu wa juu waliwahesabu najisi, wasioguswa, wasioruhusiwa kuingia mahekaluni wala kuteka maji kisima kimoja na wengine. Ramdev, mtoto wa mtawala, anasimuliwa kuwa alimlea kama dada yake, na kaburi la Dali Bai liko hapohapo karibu na lake. Kwa mtu aliyezaliwa akiambiwa kivuli chake kinachafua chakula cha mwenzake, kaburi ambalo halimuulizi tabaka lake ni jambo kubwa. Mpaka leo Wameghwal ni miongoni mwa waumini wake wa mstari wa mbele, na wanawake wa jamii ya Kamad hucheza mbele yake wamekaa chini, wamejifunga matuazi 13 miguuni na mikononi wakiyagonga kwa mpigo mmoja. Sisi ambao dini yetu ilimpandisha Bilal juu ya Al-Kaaba kuadhini tunapaswa kuwaelewa watu hawa haraka kuliko wengine. Na tuone haya kidogo: kama Waislamu wa bara lile wangeuonyesha usawa huo kwa matendo kama wanavyouhubiri, huenda watu wengi wasingehitaji kuutafuta kaburini.

Ramdevra yenyewe ni mji mdogo, kama kilomita 12 kaskazini ya Pokhran, una stesheni yake ya treni. Hekalu lililopo sasa lilijengwa kuzunguka kaburi na Maharaja Ganga Singh wa Bikaner mwaka 1931. Waumini wanaamini Ramdev hakufa kama wafavyo watu, bali aliingia ardhini akiwa hai kwa hiari yake. Unapofika ndani unakuta kaburi limefunikwa mashuka na maua, na sura yake ni kama ya makaburi ya masheikh unayoyajua. Kando yake yako mengine ya jamaa na wafuasi wake. Kwa Dali Bai kuna pete kubwa ya mawe ambayo watu hupita katikati yake kwa kutambaa wakitarajia maradhi yao yatoke. Nje kuna bwawa wanalooga na kisima cha ngazi ambacho maji yake hubebwa nyumbani kwa chupa. Msimu mkubwa ni mwezi wa Bhadrapada wa kalenda yao, kuanzia siku ya pili hadi ya kumi na moja ya mwezi mwandamo. Ndiyo safari uliyoiona ikipita. Na haiishii India: huko Sindh, Pakistan, katika mji wa Tando Allahyar, Wahindu wa nchi ile wana hekalu lake na mkutano wao mkubwa wa kila mwaka.

Sasa tuje kwa mapir watano wa jirani yako. Kisa chenyewe ni kwamba watu watano wa Mungu walitoka Makka kuja kumpima Ramdev. Akawakaribisha chakula. Wakasema wao hawali ila katika vyombo vyao wenyewe, na vyombo wamevisahau Makka. Ramdev akanyoosha mkono, vyombo vikaja vikiruka angani, kila mmoja akaletewa chake. Wakamwinamia wakasema: sisi ni mapir, na wewe ni pir wa mapir.

Kwanza, kisa hiki hakina sanadi. Hatujui nani alikisikia kwa nani, na hatuna hata jina moja la mpokezi ambaye watu wa hadithi wangeweza kumchunguza. Lakini tuliweke hilo pembeni tukitazame kisa kwa ndani. Watu watano wa Makka wanakataa kula katika chombo cha mwenyeji wao asiye Mwislamu. Kwa fiqhi ipi? Abu Tha'laba al-Khushani alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu vyombo vya watu wa Kitabu, watu ambao wangeweza kuwa wamevipikia nguruwe, na jibu lililopokewa na Bukhari na Muslim ni kwamba wakikosa vingine basi wavioshe na wale. Na Mtume (s.a.w.) na maswahaba zake wakiwa safarini na kiu walitumia maji ya viriba vya mwanamke mshirikina, hadithi iko kwa Bukhari. Kukataa chombo cha mtu kwa kuwa ni chake, hata kikiwa safi, ni desturi ya matabaka ya Kihindu, si ya Makka. Mimi naona kisa hiki kilitungwa na watu ambao kwao swali la nani anakula katika chombo cha nani lilikuwa swali la kila siku, wakawavisha wageni wa Makka tabia waliyoizoea kwa Mabrahmani, tabaka la makuhani wa Kihindu, wa kijijini kwao.

Tena ni kisa kinachompa kila msikilizaji anachokitaka. Mhindu anasikia kwamba hata watu wa Makka walimwinamia bwana wake. Mwislamu wa kijiji kilekile anasikia neno pir, na Makka, anatulia moyo. Wote wanatoka wameridhika na hakuna aliyebadilika.

Kuna jambo jingine utalisikia ukiwauliza wasomi. Mtafiti Mfaransa, Dominique-Sila Khan, alijenga hoja katika miaka ya 1990 kwamba ibada ya Ramdev ina mizizi katika daawa ya Waismailia wa Nizari, tawi la Mashia, waliokuwa wakieneza madhehebu yao Sindh, Gujarat na Rajasthan kwa kuvaa lugha na majina ya Kihindu. Waismailia tunao hapa Afrika Mashariki, na kwamba mapir wao wa zamani walifanya kazi kwa namna hiyo si jambo la kushangaza. Cheo cha pir, mabendera, makaburi ya mtindo ule, vyote vinampa mtafiti huyu mahali pa kusimama. Hata hivyo ni hoja ya kihistoria inayojadiliwa na wanahistoria. Huwezi kuichukua ukaenda nayo msikitini ukamtangaza mtu aliyekufa zaidi ya miaka 500 iliyopita kuwa ni Mwislamu, ukamswalia au ukamhesabu katika mawalii. Allah amesema juu ya waliopita, katika Suratul Baqara aya ya 134, kwamba wao watapata walichokichuma nanyi mtapata mnachokichuma, wala hamtaulizwa waliyokuwa wakiyatenda. Kama Ramdev alimpwekesha Mola wake, Mola anamjua. Kama vingine, anamjua pia.

Hapo ndipo nasema umelipa swali hili uzito usio wake. Umedhani, na jirani yako ndiye aliyekufikisha hapo, kwamba akithibiti kuwa Mwislamu basi mlango umefunguka. Haufunguki. Tuchukulie leo imepatikana hati iliyo sahihi kabisa kwamba Ramdev alikuwa Sunni wa madhehebu ya Imam Shafi, alihifadhi Qur'ani na alihiji. Bado haingekuwa halali kwako kumwomba akuponye, kumwekea nadhiri, kupita kwa kutambaa katika pete ya mawe, au kubeba maji ya kisima chake ukiamini yana nguvu kwa sababu yake. Anayemzuia mja asimwombe maiti hatazami maiti ni wa dini gani.

Soma Suratu Nuh aya ya 23, palipotajwa Wadd, Suwaa, Yaghuth, Yauq na Nasr. Ibn Abbas (r.a.), kama alivyopokea Bukhari, anasema hayo ni majina ya watu wema katika kaumu ya Nuh. Walipokufa, shetani akawashawishi watu wao wasimamishe alama mahali walipokuwa wakikaa na waziite kwa majina yao. Wakafanya, na hazikuabudiwa wakati huo. Kile kizazi kilipokwisha na elimu ikasahaulika, zikaabudiwa. Zingatia kuwa wema wa watu wale hakuna aliyeutilia shaka. Jirani yako anapofanya kazi yote hii ya kuthibitisha wema wa Ramdev, anathibitisha kitu ambacho kaumu ya Nuh walikuwa nacho tayari.

Na karama zake? Sisi Ahlu Sunna tunazikubali karama za mawalii. Lakini imepokewa kutoka kwa Imam Shafi kwamba ukimwona mtu anatembea juu ya maji au anaruka hewani usidanganyike naye mpaka umpime kwa Kitabu na Sunna. Walii, kwa maelezo ya Suratu Yunus aya ya 62 na 63, ni aliyeamini na akawa mchamungu. Farasi wa kitambaa kuruka si sharti la uwalii wala si ushahidi wake.

Hapa nitimize ahadi yangu ya kurudi kwetu. Usije ukamcheka mtu wa Rajasthan na farasi wake wakati kwetu pwani kuna watu wanaopeleka ubani, mawaridi na vitambaa vyekundu kwenye mapango na chini ya mibuyu, wakifunga tambara tawini na kumwambia aliye humo shida zao. Kuna makaburi ya masheikh wetu wakubwa, watu waliotufundisha Alif, ambao wajinga wamewageuza ofisi ya kupeleka maombi. Kuzuru kaburi ni sunna: Mtume (s.a.w.) alisema alikuwa amekataza kisha akaamrisha kuyazuru, na hadithi ni ya Muslim. Unakwenda, unawatolea salamu, unawaombea, unakumbuka akhera yako, unarudi. Ukianza kumwomba yeye badala ya kumwombea, umevuka, iwe kaburi liko Lamu, Bagamoyo au Ramdevra. Maswahaba wapya walipopita, wakienda Hunayn, penye mti ambao washirikina walikuwa wakitundika silaha zao kutafuta baraka, walisema: tufanyie na sisi mti kama huu. Mtume (s.a.w.) akawaambia wamesema kama walivyosema watu wa Musa, "tufanyie mungu kama hawa walivyo na miungu." Ameipokea Tirmidhi. Waliomba mti tu, wala hawakumtaja mungu.

Kuhusu kwenda Ramdevra, jibu langu ni usiende katika msimu ule na usiende kwa nia ya ziara. Kuna mtu aliweka nadhiri ya kuchinja ngamia mahali panapoitwa Buwana. Mtume (s.a.w.) akauliza: je, palikuwa na sanamu la kijahiliya likiabudiwa pale? Wakasema hapana. Je, palifanyika moja ya sikukuu zao? Wakasema hapana. Akamruhusu atimize nadhiri yake. Ni hadithi ya Abu Dawud, na wanavyuoni wameifanya kipimo: huyu bwana alikuwa anamchinjia Allah, hata hivyo mahali paliulizwa kwanza. Ramdevra mwezi wa Bhadrapada maswali yote mawili yanajibiwa ndiyo. Tena imepokewa na Bayhaqi kauli ya Umar (r.a.) ya kukataza kuingia kwa washirikina katika nyumba zao za ibada siku ya sikukuu yao.

Ama kupita pale siku nyingine kama msomaji au msafiri anayetazama nchi za watu, bila kuinama, bila kuweka shuka wala sarafu, bila kuvua kofia ya tauhidi mlangoni, wanavyuoni wamehitilafiana juu ya kuingia nyumba za ibada za wengine. Umar alisema hatuingii makanisa yenu kwa sababu ya masanamu yaliyomo, na Ibn Abbas alikuwa akiswali kanisani isipokuwa lile lenye masanamu. Zote mbili amezitaja Bukhari. Katika madhehebu yetu wengi wanazuia mahali penye sanamu. Kwa kijana aliye peke yake ugenini, ambaye mwenzake wa safari ni mtu anayekwenda kuomba kaburini, sioni haja hata ya kuitafuta ruhusa hiyo. Treni hiyo mwache aipande mwenyewe.

Na huyo jirani usimkate. Ni ndugu yako katika Uislamu aliyezaliwa katika desturi akaikuta, hajaona mwalimu aliyekaa naye. Usimuite kafiri, hukumu hiyo ina masharti yake na wenyewe. Mwalike kwako siku ya Ijumaa mle pamoja, umsomee kisa cha Wadd na wenzake kama nilivyokusomea, bila kumtukana Ramdev hata kwa neno moja. Allah katika Suratul An'aam aya ya 108 ametukataza kuwatukana wanaoombwa na wengine badala yake, wasije nao wakamtukana Allah kwa uadui bila ya elimu. Katika mji kama Ahmedabad, ambao mwaka 2002 ulishuhudia damu ya watu ikimwagika kati ya dini na dini, aya hiyo si ya kusoma tu.

Nije kwa uliyoyafanya. Maji na chai uliyogawa nakutarajia ujira kwa Allah. Mtume (s.a.w.) alisema katika kila chenye ini bichi kuna ujira, na alikuwa anazungumzia mbwa mwenye kiu, sembuse bibi mzee mwenye malengelenge miguuni. Wapo watakaokuambia umewasaidia katika dhambi, wakatoa aya ya pili ya Suratul Maida. Mimi naona umemwondolea mtu kiu, na kiu si ibada. Allah hakukatazi kuwatendea wema na uadilifu wasiokupiga vita kwa ajili ya dini wala kukutoa nyumbani kwako, ni aya ya 8 ya Suratul Mumtahina. Mwakani ukitaka kugawa tena, gawa, ila usichangie mfuko wa bendera wala wa mapambo, na wakianza kuzungusha taa mbele ya picha yake wewe toka nje ya turubai ukakae na madumu ya maji.

Nazi na sukari, ikiwa zilikuwa ni ukarimu wa kambi kwa kila apitaye, hazina neno. Ikiwa zilikwisha kuwekwa mbele ya picha na kuombewa kisha zikagawiwa kama baraka, basi wanavyuoni wana maneno. Kilichoharamishwa waziwazi kwa aya ni nyama iliyochinjwa kwa jina la asiyekuwa Allah, na Ibn Abi Shaiba amepokea kwamba Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa kuhusu zawadi za Majusi, waabudu moto, katika sikukuu yao, akasema wasile kilichochinjwa siku ile bali wale matunda. Wapo walioipanua rukhsa hiyo na wapo waliokizuia kila kilichotolewa kwa sanamu. Salama yako ni kuacha. Ukipewa, pokea kwa mikono miwili, shukuru, sema umeshiba. Ulichokula hukukijua, Allah ni msamehevu.

Kilichobaki ni farasi. Begi la mama yule lilikuwa msaada kwa mgonjwa. Farasi ni nadhiri yenyewe, kitu kinachopelekwa kwa asiyekuwa Allah, na kukibeba ni kuifikisha nadhiri hatua kadhaa mbele. Hukukusudia kumtukuza Ramdev, kwa hiyo hujatoka katika dini wala huhitaji kurudia shahada kama nilivyoona ukiuliza mwishoni mwa barua yako. Omba istighfari, yatosha. Akikuomba tena, mwambie: "Mama, nipe begi, nipe chupa ya maji, egemea bega langu, farasi kwa dini yangu siwezi kumshika." Mwambie ukitabasamu. Mtu anayekwenda nusu ya nchi kwa mguu uliovimba kwa ajili ya anachokiamini atakuelewa, pengine kuliko jirani yako. Na ukifika nyumbani mpigie simu usiku kumuuliza mguu unaendeleaje.

Wallahu aalam.